Mzamiaji wa Nchi Kavu

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Barua imefika! Nimekubaliwa Mlimani, shahada ya pili, historia. Gharama zote juu ya serikali. Masomo yanaanza tarehe 23. Kimebaki kitu kimoja tu: saini ya mkuu wa shule yetu, Mwalimu Kornel, kwenye fomu ya ruhusa. Bila saini hiyo nafasi yangu anapewa mwingine. Lakini Kornel ni mtu mwema, atasaini. Asante Mungu. Nimeibusu barua mara tatu. Redempta, mke wangu, amesema yeye ana miaka minne hajabusiwa hivyo.

Nikatoka nje kumtangazia mtu wa kwanza nitakayemwona. Alikuwa jirani yetu Limbu, Msukuma mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno. Nikamwambia narudi Chuo Kikuu kusoma. Limbu akavua kofia. Akanishika bega, akasema pole sana mwalimu, hakujua kwamba ile mara ya kwanza nilifeli.

Nilifeli! Mimi! Nikamweleza kwamba anayerudi ni yule aliyefaulu. Akasema kwao ng'ombe akishavuka mto harudishwi ili avuke tena.

Redempta ananishauri niwaambie watu kwamba nakwenda kuongeza elimu, basi. Ushauri mwepesi mno. Nimefungua kijitabu cha chuo nikapata neno lenye uzito wangu: UZAMILI. Kuanzia kesho nakwenda kufanya uzamili. Tuone nani atathubutu kunipa pole.

Jumatano, 11 Septemba

Neno linafanya kazi ajabu! Tangu jana nimelitumia sokoni, posta, ofisi ya walimu na kwa kinyozi. Watu wananitazama kwa heshima. Kinyozi aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini nitaondokea bandari gani. Swali la ajabu, lakini nikamjibu Dar es Salaam, kwani wapi kwingine? Akaninyoa bure.

Halafu Isakwisa. Huyu ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Tukuyu, ana tabasamu la mtu anayekopa. Amenivuta pembeni kuniambia kwamba mji mzima unadhani nakwenda kuzamia, yaani kujificha ndani ya meli hadi Ulaya kama wanavyofanya vijana wa siku hizi. Eti nibadilishe neno kabla Mkuu hajasikia.

Wivu huo. Tangu mwaka juzi anakitamani kiti changu cha dirishani, kile chenye mto. Anataka niondoke nikiwa mtu wa kawaida, mwenye neno la kawaida. Nimekifunga kiti kwenye mguu wa meza kwa mnyororo na kufuli. Ufunguo ninao mimi.

Jioni Limbu amekuja na chupa ya samli. Nijipake mwili mzima, kwa sababu amesikia chumvi ya baharini inakula ngozi. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Nikainusa samli. Nikaufunga.

Jumapili, 15 Septemba

Nimefanya ugunduzi. Anayekwenda kusoma hupewa pole. Anayekwenda kuzamia hupewa vitu. Kwa hiyo nimeamua kunyamaza mpaka siku ya kuondoka. Sijamdanganya mtu hata mmoja. Nimenyamaza tu. Redempta anasema hajawahi kusikia mtu akinyamaza kwa kelele namna hii.

Mama yangu, Marsiana, alifika jana kutoka Mwazye juu ya lori la maharage, vumbi mpaka kwenye kope. Dereva ndiye aliyempelekea habari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Akafungua furushi. Unga wa ulezi, maharage, blanketi moja na sweta tatu. Sweta hazikununuliwa. Kina mama wa jumuiya yake walizivua mwilini baada ya sala, maana Ulaya ni baridi. Na kwetu Ufipa mwezi huu upepo unakata kama wembe! Moja bado ilikuwa inanukia moshi wa jikoni kwa mwenyewe. Niliishika mkononi. Kweli, hapo moyo ulinichoma. Nikaenda uani, nikarudi. Nikaijaribu. Inanitosha.

Leo kanisani padre amewaombea wote wanaosafiri majini. Nimeitikia kwa sauti kuliko watu wote. Si uongo, basi nitakalopanda litavuka madaraja mengi.

Mama hakuitikia. Tulipotoka alisema hanipi baraka zake. Sisi ni watu wa milimani, maji tunayajua ya kwenye mtungi. Amemtumia salamu kaka yake kule Kasanga aje haraka.

Jumanne, 17 Septemba

Mjomba Baltazari amefika. Ni mvuvi, amezaliwa ziwani na anazungumza kama anamwita mtu wa ng'ambo. Ameleta migebuka mikavu, samaki wa ziwani kwao, na madumu mawili ya njano yaliyofungwa pamoja kwa kamba. Hayo ni kwa ajili yangu. Niyavae kwapani meli ikinitosa.

Mama ametoa hukumu: nisipoelea, hakuna baraka. Nilikaribia kusema ukweli, nakiri. Lakini ukweli ungerudi na sweta zote tatu, halafu mama angeniuliza nilifeli somo gani. Nikapiga hesabu. Somo moja la kuogelea, nusu saa, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe wa Limbu. Hakuna anayepita kule. Baraka mkononi, siri salama. Mpango safi kabisa!

Saa kumi nikaingia majini na kaptula na madumu. Maji ya baridi ajabu. Mjomba akapiga kelele nitupe miguu. Nikaitupa. Madumu yakaelea vizuri sana, ila mimi nilikuwa chini yake. Mjomba akaniopoa. Tukajaribu tena, nikazama kwa upande wa pili. Ng'ombe wakaacha kunywa wakanitazama. Mama ukingoni alikuwa kwenye fungu la pili la rozari.

Mara ya nne nilipotoa kichwa nje, niliona baiskeli. Juu ya baiskeli, Mwalimu Kornel, akitoka shambani kwake. Nikatamani kuzama tena, na kwa mara ya kwanza nikashindwa. Mjomba, bila kuulizwa, akamtangazia kwamba haya ni mazoezi ya meli.

 Mkuu alikanyaga pedali akaenda zake.

Jumatano, 18 Septemba

Fomu yangu imerudishwa bila saini.

Nilimweleza Mkuu yote, kwa Kiswahili, kwa Kifipa na kwa Kiingereza kidogo. Nikamwonyesha barua ya chuo. Alisema hana wasiwasi nayo, barua ni ya kweli. Ila chuo na bandari viko mji mmoja. Hawezi kumwombea ruhusa yenye mshahara mtu aliyemwona kwa macho yake akijifunza kuelea. Nikasema mimi nakwenda uzamili, si kuzamia. Akasema ndilo hilo hilo analosema yeye.

Amenipa mpaka kesho saa nne. Nipeleke mtu wa kunidhamini, wa kusema mbele yake kwamba nitarudi kufundisha. Basi la Mbeya ni keshokutwa asubuhi.

Nimekaa kitandani na sweta zangu tatu. Miaka sita nimeisubiri barua ile. Nimeiharibu kwa chupa ya samli. Redempta alikuwa na haki ya kunicheka lakini hakunicheka, alinipigia pasi shati la kesho. Nikamweleza mama ukweli. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimeshaanza kuumwa kichwa kwa yale maji.

Alhamisi, 19 Septemba

Saa tatu na nusu nilikuwa mlangoni kwa Mkuu, peke yangu. Aliyekuja kwanza alikuwa Isakwisa, na kamusi kwapani. Nikajua amekuja kunimaliza. Akaifungua mezani, akamsomea Mkuu maneno yote mawili polepole, kama anafundisha kidato cha kwanza. Mkuu akasema sawa, ila kamusi haiweki dhamana. Basi Isakwisa akachukua kalamu akaandika kwamba ananidhamini yeye. Nisiporudi, vipindi vyangu vyote vya historia atavibeba yeye, bila kulalamika.

Nilitazama sakafu. Nilikuwa na ufunguo wa kufuli mfukoni, mzito kama jiwe la kusagia.

Mkuu alikuwa bado anafikiri wakati mlango ulipofunguliwa tena. Mama na Mjomba Baltazari. Mjomba akasema amefundisha watoto wa Kasanga wasiohesabika, lakini hajapata kuona kiumbe kinachokwenda chini upesi namna hii kikiwa na madumu mawili. Meli yoyote nitakayoisogelea, mimi nitakuwa chini yake. Mama akamwamkia Mkuu kwa adabu, ingawa Mkuu ni mdogo kwake, akabaki amesimama.

"Mwalimu, huyu nimemzaa mimi. Juzi nimemwona majini, na wewe umemwona," alisema. "Akienda popote atakwenda kwa barabara. Na atarudi kwa barabara, kwa sababu njia nyingine haiwezi."

Kornel akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasaini! Akagonga mhuri. Akasema huo ndio ushahidi mzito kuliko yote aliyowahi kupokea katika ofisi ile.

Nililia, naandika bila aibu. Nilimshika Isakwisa mkono nikashindwa kuuachia. Nikamwambia kiti ni chake, mto na kila kitu. Akasema asante, alikuwa anakitaka kweli, mgongo unamsumbua.

Nje, mama aliniuliza kama kwa hiyo ni shule. Nikasema ni shule, mama. Akauliza, tena? Nikasema tena. Alifikiri kidogo, akanitengeneza kola.

"Basi safari hii jitahidi, baba," alisema, akaniwekea mkono kichwani. Hizo ndizo baraka zangu.

Nilitaka kurudisha sweta na kuwaomba radhi kina mama. Akakataa. Alisema radhi ataniombea yeye, lakini sweta walimvulia mtu, hawakuivulia meli. Limbu naye alipoelezwa alisema samli ni ya ugali tangu zamani. Kisha akavua kofia, akanipa pole tena.

Jumapili, 22 Septemba, Dar es Salaam

Nimefika! Siku mbili za mabasi, vumbi la Laela mpaka Tunduma, usingizi wa Mbeya, na harufu ya migebuka iliyonipatia kiti cha watu wawili peke yangu. Joto la hapa halisimuliki. Nimetandika sweta moja chini ya shuka, moja nimeifanya mto, na ile yenye harufu ya moshi nimeining'iniza mlangoni. Nikiinusa naona nyumbani. Nina watu! Kuna msomi gani mwingine humu bwenini aliyeombewa na kanisa zima, akafundishwa kuogelea mbele ya ng'ombe, akadhaminiwa na adui yake? Mungu awalipe wote, mmoja mmoja.

Katika mfuko wa suruali nimeukuta ufunguo wa kufuli la kiti. Nimeuweka pazuri. Kiti bado kimefungwa kwa mnyororo, lakini Isakwisa atakaa tu pale pale mezani pangu.

Sasa nimemaliza kumwandikia mama barua. Nimemshukuru. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo natumia maneno yasiyoweza kueleweka vibaya. Kijitabu cha chuo kinasema baada ya shahada hii kuna nyingine ya juu zaidi, nami nimekusudia kuichukua, hapa hapa au hata ng'ambo. Nimemwandikia jina la shahada hiyo kwa herufi kubwa ili dereva wa lori awasomee vizuri watu wa Mwazye nzima: nikimaliza uzamili, nakwenda UZAMIVU.

Nimemwomba asisahau kumjulisha Mjomba Baltazari.