Pazia Katikati ya Mtumbwi

Jumatano, 8 Agosti 1973

Felista yuko mjini! Habari nimeipata kwa muuza vitunguu, si kwa mke wangu mwenyewe. Amemleta mama yake hospitali kupimwa macho, na wamefikia Mandewa kwa mjomba wake, mzee Simeoni. Binti yetu Elina yuko nao. Kutoka Mandewa mpaka kwangu Utemini ni mwendo wa kutembea tu. Hakuna aliyekuja hata kunisalimia.

Najua bado ni yule ng'ombe. Mama Mkwe alimpa Felista ng'ombe wa maziwa, na mimi mwezi wa Mei nikambadilisha kwa mashine ya kukamua mafuta ya alizeti. Mashine nzuri, ya chuma, nzito. Imekosa parafujo yake kubwa tu. Parafujo ningeipata. Felista hakuisubiri. Akamchukua mtoto, akaenda kwao Ulemo, huko Iramba.

Mzee Simeoni ameitisha kikao Jumatatu. Mama Mkwe ndiye mwenye neno la mwisho. Ama Felista arudi kwangu, ama wapande basi wote watatu warudi Iramba, na hapo ndoa imekwisha. Nimemkumbuka sana Felista. Hata kelele zake nimezikumbuka. Lazima nimlainishe Mama Mkwe kabla ya Jumatatu. Lakini kwa kitu gani?

Alhamisi, 9 Agosti

Kwa mtumbwi! Wazo limenijia kwa kinyozi. Ukutani ana kalenda kuukuu yenye picha ya familia ya Wazungu ndani ya boti. Jua linawaka, maji ya buluu, kikapu cha chakula katikati. Baba kashika kasia. Nyuma yake kakaa bibi mmoja mzee, nadhani ni mkwe wake, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Katika picha nzima hakuna anayeuliza habari za ng'ombe. Niliinuka kitini kabla upande wa kushoto haujanyolewa.

Bahari hatuna, lakini tuna ziwa Singidani, na jua la Singida halijawahi kumnyima mtu. Tutatembea na mtumbwi kandokando ya ufuko, tuone mawe makubwa na heroe, wale ndege wa miguu mirefu, tule, turudi. Mtu aliyeshiba na kupigwa na hewa safi hawezi kuvunja ndoa ya mwenzake.

Nikamtuma mzee Simeoni apeleke mwaliko. Jibu limerudi jioni hii hii. Mama Mkwe amepewa miwani hospitali, na tangu aivae anataka kuona kila kitu. Amekubali kwenda Jumapili baada ya ibada. Felista, nimeambiwa, hakusema kitu. Hakukataa! Nalala na furaha, ila upande wa kushoto wa kichwa unawasha.

Ijumaa, 10 Agosti

Leo nilikwenda kwa Lazaro, mvuvi. Mtumbwi ni wa kikundi chao cha ujamaa, kwa hiyo aliona haya kuutoa kwa matembezi ya mtu mmoja. Nikamwambia familia ndiyo kijiji cha kwanza. Hakuelewa, lakini kaptula yake imechanika pabaya, na mimi ni fundi cherehani. Tumepatana. Yeye mwenyewe ataendesha.

Nilirudi barazani nikiimba. Kosa! Melkizedeki akanisikia. Huyu tunashona naye baraza moja, na tangu awe balozi wa nyumba kumi anakata hata vitambaa kwa sauti ya mkutano. Akataka kujua furaha hiyo imetoka wapi, nami nikamweleza. Akasema starehe za majini ni tabia za kibepari. Nikasema ni kujitegemea. Akatia uzi kwenye sindano, kisha akauliza polepole:

"Na mkweo utamweka wapi? Mtumbwi hauna chumba."

Nimeona aibu kuandika haya, lakini sikuwa nimelifikiria kabisa. Mkwe haangaliwi usoni, hapewi mkono, na chakula hakiliwi mbele yake. Miaka tisa ya ndoa na sijui kama pua yake ni ndefu au fupi. Na mimi nimemwalika kwenye chombo ambacho ukikunja mguu unagusa wa mwenzako! Melkizedeki aliondoka akitabasamu. Sikula.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimepata! Pazia.

Sababu hasa ya Mungu kunifanya fundi cherehani imejulikana leo. Nimekata marekani nzito, ile ya magunia ya unga, nikashona pindo mara mbili na pembe nikazitia vitanzi. Litasimama katikati ya mtumbwi kwa miti miwili, juu kuliko kichwa cha mtu. Nyuma watakaa Mama Mkwe, Felista na Elina, pamoja na Lazaro na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia. Mbele nitakaa mimi. Kila mtu atakula kwa uhuru, heshima haijaguswa, na ndoa yangu inapona nyuma ya kitambaa.

Jioni nililipeleka ziwani tukalifunga kwa katani, mafundo ya kufa na kupona. Lazaro alilitazama kwa muda mrefu. Akasema kitambaa hicho kitakula upepo. Nikamwambia mimi vitambaa nimevizoea tangu utoto na sijaona hata kimoja kinachokula kitu. Akainua mabega. Watu wa majini hawapendi maendeleo.

Jumapili, 12 Agosti

Nimechoka, matope yamenikauka mpaka masikioni, lakini lazima niandike.

Ibada ilirefuka, kwa hiyo tulifika ziwani jua likiwa limepanda. Maji yametulia, yanang'aa, ufuko mweupe kwa chumvi. Nilijificha nyuma ya jiwe mpaka Mama Mkwe alipoketi, nikasalimia kwa mbali nikitazama miguu yangu, nikaingia kwa mbele. Felista alipita karibu nami. Akanitazama kichwani, upande wa kushoto, akaziba mdomo kwa kanga. Alikuwa anacheka! Miezi mitatu sijaona kicheko hicho. Nilitaka kulia.

Mwanzo ulikuwa mtamu kuliko kalenda. Lazaro akisukuma taratibu, tukapita chini ya mawe, heroe wakasogea kidogo kutupisha. Nyuma ya pazia nilimsikia Elina akimwonyesha bibi yake kila kitu, na bibi akisema kumbe wana miguu myekundu, miaka yote alidhani ni weupe watupu. Wakafungua kikapu. Felista akapitisha mkono pembeni ya pazia akanipa ugali na paja la kuku. Paja! Mtu hampi paja mume anayemwacha. Nikala kwa sauti, kwa kuwa hakuna wa kuniona. Mama Mkwe naye alikuwa anakula, nilimsikia akivunja mfupa. Mkwe na mkwe, chombo kimoja, mlo mmoja!

Kisha upepo wetu wa Agosti ukaamka.

Pazia lilivuta pumzi mara moja tu. Likavimba kuja upande wangu mpaka likanisukuma kifudifudi, paja mdomoni, na mtumbwi ukaondoka. Haukuenda kandokando. Ulikwenda katikati! Lazaro akatumbukiza pondo, halikugusa chini. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba kitambaa kishushwe. Yeye hawezi kukifikia bila kumwegemea bibi. Mimi mafundo yamekaza, mikono ina mafuta ya kuku, na pazia likianguka nitakuwa uso kwa uso na mama wa mke wangu nikiwa na ugali shavuni.

Felista akaniita, "Baba Elina, nilikate?"

Nikajibu hapana. Nyuma nikasikia Mama Mkwe naye akimwambia binti yake asilikate, kwa kuwa na yeye ana mfupa mkononi. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka tisa mimi na Mama Mkwe kukubaliana jambo.

Basi tukaenda. Nitasema kweli, nilifumba macho. Maji yalinirukia usoni, ya chumvi, na nilimwomba Mungu kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili ili asikose kunielewa. Niliahidi kumrudisha ng'ombe. Niliahidi kutofikiri tena maisha yangu yote. Elina peke yake alikuwa anapiga makofi. Nilifumbua macho mara moja tu, na pembeni ya pazia, ufukoni tulikotoka, niliona mtu amesimama juu ya jiwe kama mkaguzi. Melkizedeki! Alikuja kutazama. Akawa mdogo, mdogo, akatoweka.

Mtumbwi ulisimama wenyewe ng'ambo, umechoma pua kwenye matope, mbali kidogo na nchi kavu. Nikateremka wa kwanza. Matope mpaka magotini. Felista akambeba Elina akapita. Lazaro akabaki ameshikilia mtumbwi usipinduke kwa mawimbi. Akabaki Mama Mkwe peke yake.

Nani ampe mkono? Mimi siruhusiwi. Nilisimama pale nimempa mgongo, nasikia anavyohema, mtu mzima na miwani yake mpya. Moyo uliniuma kweli. Mimi ndiye niliyemleta huku. Nikapapasa nyuma, nikauchomoa kwa nguvu mti mmoja wa pazia, nikaunyoosha nyuma yangu bila kugeuka. Nikangoja. Mti ukawa mzito. Ameshika.

Nikavuta polepole, hatua kwa hatua, macho mbele. Nilipozama alingoja. Alipokwama nilingoja. Hivyo hivyo mpaka nchi kavu. Hapo akauachia mti, nami nikaendelea kutembea moja kwa moja, sikugeuka. Tumezunguka ziwa kwa miguu mpaka mjini, mimi mbele kabisa na mti wangu begani, wao nyuma kabisa.

Yamekwisha. Kesho watapanda basi.

Jumatatu, 13 Agosti

Mjini wote wanajua. Melkizedeki ametangaza kwamba nilijaribu kutoroka nchi pamoja na mkwe wangu. Wateja wawili wameniuliza kama tulifika Kenya.

Nilikwenda kwenye kikao kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nilikaa nje chini ya dirisha, kama inavyotakiwa, na Mama Mkwe ndani. Mzee Simeoni akawa anabeba maneno kati yetu. Aliuliza kuhusu ng'ombe. Nikaeleza parafujo. Akaingia ndani, akatoka, akasema parafujo isitajwe tena. Aliuliza kuhusu mtumbwi. Nikasema nilitaka tu wafurahi.

Kisha nikamsikia Mama Mkwe mwenyewe, kwa sauti ya kunifikia, ingawa alikuwa anasema na kaka yake:

"Huyu mtu hana akili. Lakini jana kifo kilimkaribia na hakugeuka kunitazama. Heshima anayo. Akili ataazima kwa mke wake."

Nilikaa chini ya dirisha machozi yakinitoka. Kweli nilikuwa nimefumba macho kwa woga, lakini hilo hakuna aliyeniuliza. Mzee Simeoni akatoka na sharti moja tu. Nisibadilishe kitu chochote cha nyumba bila kumwuliza Felista kwanza. Nikaapa. Nikaapa tena bila kuombwa. Mama Mkwe amepanda basi peke yake, na Felista na Elina wamekuja nami Utemini. Felista ametazama chungu cha viazi nilivyokuwa nikijipikia, ametazama kichwa changu, akachukua mkasi akanipunguza nywele za kushoto. Mikono yake! Mimi ni mtu mwenye bahati. Nimebadilika kabisa.

Jumatano, 15 Agosti

Siku mbili za amani. Nyumba inanuka vitunguu vya kukaanga, Elina anawasimulia watoto wa jirani jinsi alivyovuka ziwa kwa shuka. Na hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sijakiona. Hakuna mtu mwingine katika Singida nzima aliyevuka ziwa lile bila kupiga kasia! Na ni wakwe wangapi katika mkoa huu wanaoshindwa kusafiri pamoja kwa kukosa pazia? Wote! Hata Melkizedeki ana mkwe.

Leo, Felista alipokwenda kisimani, nimepita kwa Lazaro. Ana mtumbwi wake mwenyewe, wa zamani, nyuma ya nyumba. Una tundu, lakini ni dogo, na liko chini, halionekani. Alikuwa na mashaka, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Tumepatana haraka. Cherehani ataichukua jioni hii, mtumbwi ataniletea kesho. Cherehani ni yangu ya ujana, kabla ya ndoa, kwa hiyo si kitu cha nyumba. Mapazia nitayashona kwa mkono.

Bado sijamweleza Felista. Nataka astarehe kwanza. Tangu Jumatatu sanduku lake limekaa nyuma ya mlango, kamba haijafunguliwa, nguo anachomoa moja moja pembeni. Nimemwuliza asubuhi hii mbona halifungui. Akasema anataka kuona kwanza.

Kuona nini, hakusema. Kesho ataona.