Vifuniko Thelathini na Kimoja

Jumatatu, 2 Septemba

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mideva, mke wangu, ametangaza kwamba Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja kwetu. Kila mwezi wanasali nyumba kwa nyumba. Zamu yetu imeahirishwa mara tatu kwa sababu hakuna pa kukaa. Anasema vyumba viwili si stoo ya reli. Nikamkumbusha kwamba nililinda stoo ya reli hapa Voi miaka ishirini na sita na haikupotea hata nati moja. Akasema najua, ziko chini ya kitanda.

Ana haki kidogo. Mitungi ya maji kumi na minane. Ngazi. Miavuli sita. Vifuniko vya sufuria thelathini na kimoja, na sufuria zenyewe ni tisa. Jirani yetu Zephaniah, mwalimu mstaafu kutoka Mbololo, ameshauri nigawe vile ishirini na viwili. Nigawe! Na sufuria zikija je? Huyu mtu kweli alifundisha hesabu? Kabati sinunui. Nitapanga.

Jumanne, 3 Septemba

Nimeshona mifuko thelathini na mmoja juu ya gunia kuukuu na kulitundika nyuma ya mlango. Kila kifuniko na mfuko wake. Nimetumia uzi tu.

Saa kumi jioni mchungaji akabisha, kuuliza mipango ya Jumamosi. Mideva akafungua mlango. Kelele iliyotoka! Akaufunga ili vinyamaze, vikazidi. Nikaruka kuvizuia, vitatu vikaniangukia utosini, nikapiga yowe. Mchungaji, huko nje, akadhani tunarushiana vyombo. Aliingia mikono juu na kuiombea ndoa yetu dakika arobaini na tano, sisi tukiwa tumepiga magoti. Nilipojaribu kumweleza habari za gunia alisema kukiri ni mwanzo mzuri.

Zephaniah alisikia kila amina kupitia ukutani. Amenisalimia kwa huruma. Sipendi.

Jumatano, 4 Septemba

Nimepumzika. Magoti.

Alhamisi, 5 Septemba

Leo nimejiheshimu. Ogutu wa shamba la katani alinipa kamba nzuri, nene. Nimeipitisha kwenye vishikio vya mitungi yote kumi na minane, nikapanda ngazi, nikaivuta mpaka juu kwenye boriti. Nimefunga fundo la turubai, lile tulilofungia mabehewa ya mizigo. Ukilivuta linakaza, ukizidi kulivuta linakaza zaidi. Visu na panga nimevitia ndani ya mtungi mmoja uliokatwa mdomo, navyo vikapanda juu. Hatari imeondoka chini. Kisha ngazi yenyewe nikaipigilia ukutani kwa misumari ya inchi sita, ikawa rafu ya viatu na mabeseni.

Mideva aliporudi alisimama katikati ya sebule, akageuka, akageuka tena. Alianza kupima kwa hatua mahali pa kuweka viti. Kisha akatabasamu. Sijaona tabasamu lile tangu binti yetu Yvonne aolewe. Nilitoka nje kidogo, macho yalikuwa na vumbi.

Zephaniah alichungulia, akatazama juu, akauliza na maji yakija? Nikamjibu wiki mbili mfereji haujatoa hata tone, utoe leo kwa sababu ya nani? Akaenda zake. Wivu!

Ijumaa, 6 Septemba

Maji yamekuja.

Saa nne asubuhi, Mideva yuko sokoni. Wakio, mkewe Zephaniah, akapiga kelele: maji! Ploti nzima ikatoka na mitungi. Mimi nikabaki naitazama yangu kwa chini. Fundo halikufunguka. Ngazi imepigiliwa ukutani. Kisu kiko juu, ndani ya mtungi. Nilipanda kiti cha plastiki nikajaribu meno, lakini katani haitafuniki, na kiti kikapasuka. Niombe kisu kwa Zephaniah? Afadhali kiu!

Mabeseni nayo, nilipoyavuta, yalishuka na viatu vyote na kupasuka mawili. Nikakimbia mferejini na vifuniko. Kifuniko kimoja hubeba maji ya kunawa uso, ukitembea polepole. Nilijaribu pia mwavuli uliogeuzwa. Watoto walishangilia. Baada ya nusu saa mfereji ukakohoa, ukakauka. Ndipo nikakumbuka sufuria.

Mideva akarudi na mchele wake. Aliuliza nimejaza mingapi. Nikamwonyesha beseni moja, nusu. Hakufoka. Aliniita Sifuna, kwa jina langu. Siku zote mimi ni Baba Yvonne. Akakaa juu ya gunia la mchele akalia, akisema kwamba mara ya nne watamwona mtu asiye na nyumba. Naandika haya na moyo unaniuma. Ni mimi.

Jumamosi, 7 Septemba

Mideva alikuwa amevaa viatu tayari, aende kwa Loise, mwenyekiti wao, awaambie wasije. Mlango ukabishwa, vifuniko vikalia. Zephaniah na Wakio, na mkokoteni wenye mitungi kumi iliyojaa. Yao. Zephaniah alisema tu kwamba mgeni hanyimwi maji. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Nikashika mtungi.

Akina mama wakaja kumi na sita, wote wakaenea. Chai, wali, pure ya mahindi na maharagwe. Loise alikaa chini ya mtungi wa visu hasa. Sijawahi kusali hivyo tangu nibatizwe. Halafu akatazama juu, akauliza ile ni nini. Nikaona macho ya Mideva yakianza kujaa. Kumbe ni kicheko! Akasema mume wangu anangoja mvua itoboe mabati. Akawasimulia yote, mchungaji, mwavuli, meno. Walicheka hadi wakafutana machozi.

Kisha akafungua mlango, akasema mgeni haondoki mikono mitupu. Akagawa vifuniko vyangu. Ishirini na viwili! Syombua, mmoja wa akina mama, alikumbatia kimoja, eti sufuria yake imekaa uchi tangu Krismasi. Nilitabasamu. Moyoni kulikuwa na matanga.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada Zephaniah alileta ngazi yake na kisu chake, akakata kamba. Akaikunja vizuri, akanikabidhi, na hiyo ndiyo dharau yenyewe. Mideva anaimba tangu asubuhi. Mimi ni Baba Yvonne tena. Akina mama wameomba kurudi kwetu mwezi ujao. Ameniomba jambo moja tu, nisilete kitu kingine ndani ya nyumba hii. Nikaapa, kwa moyo wote.

Saa kumi nimekutana na Kituku, mwenzangu wa zamani wa reli, karibu na stesheni. Anahamia Kishushe, gari ni dogo, vyombo havikutoshea. Alitafuta mtu wa kumwachia sufuria. Kumi na nne! Nzima! Bure! Kasoro ni moja tu, hazina vifuniko.

Kwa sasa nimezificha kwa Ogutu. Kesho nitaanza na Loise, kisha Syombua, nyumba kwa nyumba, niombe kwa heshima. Kamba bado ninayo, vipande viwili, na fundo la turubai litaviunga. Na Zephaniah nilimwambia. Jumatatu nilimwambia: sufuria zikija je?