Mwanamke wa Koumassi

Jumatatu, 21 Oktoba

Mwanangu Niamkey anahama! Kanitamkia leo mezani huku anatafuna, kama mtu anayesema chumvi imezidi. Kapata nyumba Abidjan, huko Koumassi, karibu na kazi yake ya bandarini. Mwenye nyumba anangoja jibu Abissa ikiisha, sikukuu yetu ya mwaka mpya.

Anasema kachoka. Anatoka hapa Bassam jogoo hajakohoa, foleni inammeza asubuhi, inamtema usiku, na bintiye Ama anamjua kwa picha. Nikamwambia marehemu baba yake naye alikuwa akienda Abidjan na hakulalamika. Akasema baba alikwenda mara moja, kung'oa jino.

Mkewe Nadège kimya, anashona tu. Kimya chake nakiogopa kuliko matusi.

Nimewaza sana. Mtaa huu mchana hauna mtu. Wote wako Abidjan, unaweza kuvuka barabara umefumba macho. Jioni ndio mji unarudi, taa zinawaka, watu wanagombana vizuri. Je, wakianza kutorudi? Mwone jirani yangu Akassi, muuza achieke, ile chenga ya muhogo wa mvuke. Watoto wake wote wamehamia Abidjan, anajisifu simu haikatiki kuita. Kweli haikatiki. Lakini juzi nimemkuta kapakua achieke na samaki wa kulisha watu watano, anakula peke yake, anaongea na sufuria.

Mimi na sufuria? Hapana! Hawahami hawa. Akili ninazo.

Jumanne, 22 Oktoba

Mpango umeanza. Ukitaka jambo limfikie Nadège bila wewe kumwambia, unamwambia Akassi, halafu unamwapisha asiseme.

Nikamwambia nyumba ile ya Koumassi ina jini. Jini la kike. Linakaa bafuni, linapenda wanaume wenye kazi ya kudumu. Akassi akashika kifua, akasema we shoga yangu we, unaniambia mimi hayo na moyo wangu huu? Akaapa hata kaburini hatatamka.

Hapo hapo akafunika achieke yake na kwenda zake, na wateja wamesimama. Nikajua barua imeshaondoka.

Leo nalala usingizi wa mtoto.

Alhamisi, 24 Oktoba

Balaa!

Habari imefika, ila jini limedondoka njiani. Kilichobaki ni mwanamke. Soko zima linajua Niamkey ana mwanamke Koumassi, kamweka ndani ya nyumba, na ndiyo maana anataka kuhamia huko. Wengine wanamjua hadi rangi.

Nadège kautupa mto wa mumewe jikoni. Niamkey anaapa kwa mizimu yote kwamba katika nyumba ile alimkuta fundi bomba tu, tena ana ndevu. Nadège akamwambia ndevu zinanyolewa.

Nikajua sasa atakataa kuhama. Nimeshinda! Akasema nini? Eti sasa ndiyo wahame, tena Abissa ikiisha tu, siku hiyo hiyo, akamwone huyo mwanamke kwa macho yake na akae mlangoni mchana kutwa. Ameshaanza kufunga vyombo. Jamani! Nilitaka kufunga mlango, nimeng'oa bawaba.

Nikaona bora niseme ukweli. Nikamfuata pale kwenye cherehani. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama kuna kitunguu.

Na gauni langu la Abissa analonishonea lina mkono mmoja. Anasema akiwa na hasira mkono wa pili hautoki.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kwa Malan kinyozi. Huyu ndiye mtunzi wa nyimbo wa kundi la mtaa wetu. Abissa ikifika anajifunga kanga ya mkewe, anavaa nywele za bandia na kumwimba kila aliyekosa mwaka mzima, awe mkubwa awe mdogo, na ni mwiko kukasirika. Ndiyo maana Oktoba kinyozi wetu anasalimiwa sana. Watu hata nywele hazijaota wanakwenda kunyoa.

Nikampelekea samaki mkavu kwenye mchuzi wa mawese. Nikamwomba aimbe kwamba mwanamke wa Koumassi hayupo. Basi. Hayupo, na aliyemzua asitajwe, maana ni mtu mzima na ana heshima zake. Akiimba hivyo Nadège ataamini, kwa sababu wimbo wa Abissa hausemi uongo.

Malan akasema mama Bomo, Abissa haihongwi. Akasogeza bakuli karibu.

Akala. Akasema eti watu wanadai mwanamke mwenyewe ni mrefu, mweupe, ana gari. Nikakasirika! Nikamwambia gari limetoka wapi, mimi sikusema gari kabisa.

Akaacha kutafuna.

Akanitazama. Nikamtazama. Nikamwambia yule samaki ana miiba, ale taratibu. Akasema asante mama, na je, ulisema nini?

Na mimi niliwahi kuulizwa jambo nikalinyamazia? Nikamweleza lote, jini, bafu, Akassi, kitunguu. Alikuwa msikilizaji mzuri sana. Kachovya hadi mwisho, na bakuli kanirudishia limeng'aa.

Jumapili, 27 Oktoba

Ngoma kuu imetoka. Mji mzima uwanjani, na wa Abidjan wote wamerudi, hata watoto wa Akassi. Nimejipaka chokaa nyeupe usoni, nimevaa gauni la mkono mmoja, nimesimama mbele kabisa. Wanawake wawili wameniuliza nani kanishonea, eti ni mtindo mpya. Nikawaambia ndiyo, unatoka Paris.

Kundi la Malan likaingia. Malan kiunoni ana kanga, kichwani nywele hadi mgongoni. Akaja moja kwa moja mbele yangu. Nikajua wimbo wangu huo. Nikatabasamu!

Akaimba:

Bomo ee, mwanamke gani huyo wa Koumassi?
Hana jina, hana sura, hana hata kandambili!
Kazaliwa na ulimi, kanyonyeshwa na soko,
Bomo ee, mlete tumwone!

Kundi likaitikia mlete tumwone. Uwanja mzima ukaitikia. Watoto wakaitikia. Akassi akaitikia kwa sauti kuliko wote, yeye aliyelidondosha jini!

Ardhi haikupasuka. Mwiko ni mwiko, ukiimbwa unacheza. Nikacheza. Nikazungusha ule mkono mmoja, nikainama, nikainuka, nikajibu nanyi tafuteni, namtafuta hata mimi! Wakanishangilia mpaka nikasahau ni aibu yangu.

Halafu nikamwona Nadège. Kakaa chini kabisa mchangani, anacheka, machozi yanamtoka, Niamkey kamshika bega. Nikadhani mambo yameisha.

Kufika nyumbani vyombo bado vimefungwa.

Jumatano, 30 Oktoba

Siku mbili hawakunigusia. Leo Niamkey hakwenda kazini. Akaweka viti vitatu uani. Akasema mama, wiki hii ndiyo ya kusemana, mwaka mpya haubebi kinyongo. Anza wewe.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Kuhusu Koumassi na maji machafu, na moyo wangu, na daktari. Yote yakapotea. Nikasema sitaki muondoke. Nyumba itakuwa kubwa mno.

Nikalia. Mimi! Na chozi halikuwa la mpango.

Ikawa zamu ya Nadège. Akasema mama, barabara ni shida ya Niamkey. Yangu si barabara, yangu ni mdomo wako. Nikipiga chafya humu ndani, Akassi ananiambia pole kabla sijafuta pua. Nilipokosana na mama yangu mzazi nilisikia sokoni jinsi tulivyopatana. Nataka mahali nikilia, nilie mimi tu.

Ile ya chafya ni kweli. Nikaanza kucheka. Naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka, yalikuwa yananingoja. Nikaacha. Nikamwambia nimekukosea, mwanangu.

Niamkey naye akatoa lake. Nyumba ya Koumassi haipendi. Dirisha linatazama dirisha. Anachotaka ni kumwona Ama akiwa macho, hilo tu. Bosi wake aliwahi kumwambia anaweza kuingia zamu ya alfajiri na kutoka mchana, ila aliona haina maana kurudi mapema kwenye nyumba ya makelele.

Tukapatana hivi. Wanabaki mpaka Abissa ijayo. Yeye anashika zamu ya alfajiri. Mimi mambo ya nyumba hii hayavuki kizingiti. Likivuka hata moja, wanahama. Nadège akanifanya nirudie mara mbili kama mtoto wa shule.

Jioni amemalizia mkono wa pili wa gauni. Ni mrefu kuliko wa kwanza. Nimenyamaza!

Jumatatu, 4 Novemba

Niamkey kaingia nyumbani jua bado kali. Ama kakimbia kajificha nyuma yangu, kamchungulia baba yake, kamchungulia tena, halafu kamfuata na kiatu chake mkononi afungiwe. Wamekwenda ufukweni wawili. Nadège kaimba kwenye cherehani. Vyombo vimefunguliwa, hata bakuli la wageni.

Na ulimi wangu nimeutunza. Akassi kaniuliza mambo ya nyumbani, nikamwambia hatuna mambo. Nusura azimie.

Ila nimewaza. Mwaka ni mfupi. Ugonjwa wenyewe ni huu: watu wako Bassam, kazi iko Abidjan. Kwa nini watu ndio waifuate kazi kila siku? Kazi haina miguu? Pale Mtaa wa Wafaransa lipo jengo la benki ya zamani, mti umeota ndani ukatokea juu ya paa. Kivuli cha bure! Ungeweka meza mle, ukaweka simu, kampuni ya bosi wa Niamkey ingekaa vizuri kabisa, na upepo wa bahari juu.

Hili si jambo la nyumbani. Hili ni maendeleo. Kwa hiyo sijavunja kitu.

Asubuhi nimemwambia muuza mkate, yeye peke yake, kwamba bosi wa Niamkey amelipenda lile jengo. Nikamwapisha.

Sasa hivi ni alasiri na uani kwangu wamekaa vijana watatu wenye vyeti na mashati yaliyopigwa pasi, wanaomba kazi. Mmoja alikuwa apande gari la kuhamia Abidjan kesho, kaahirisha. Nimewapa maji na ndizi za kukaanga, nimewaambia wawe na subira. Nadège kaniuliza kupitia dirisha hao ni nani. Nikamjibu wamekuja kunisalimia.

Bosi mwenyewe bado hajui. Lakini habari iko njiani, itamfikia.