Mapipa Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya Ofisi ya Bonde la Mto imefika. Kurasa sita! Nimesoma wa kwanza, unatosha. Kesho wanaanza kupima maji machafu tunayomwaga mtoni, siku tatu, kisha kila kiwanda kipewe kibali cha mapipa yake kwa siku. Karakana yangu ya kutia vitambaa rangi inahitaji mapipa kumi na mawili. Pungufu ya hapo, nafunga. Mke wangu kaniuliza kama nimemaliza kurasa zote. Nikamwambia mwenye macho haambiwi tazama.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga bongo. Mchafu ataadhibiwa, msafi atatuzwa. Basi uchafu wangu uhamie kwa mwingine. Kwa nani? Kwa shemeji, dada wa mke wangu, mwenye kiwanda cha ngozi hapo juu mtoni. Tangu aniite Bwana Mipango mbele ya wakwe, sijamsamehe. Alfajiri nimesukuma mkokoteni hadi kwenye mtaro wake. Safari tatu, mapipa yote kumi na mawili. Mgongo wangu!

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya tatu ya mkokoteni. Mpimaji kakuta bomba langu linadondosha matone tu. Kauliza kama bado tunafanya kazi. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba wengine tunaupenda mto. Nasikia alipofika kwa shemeji alishangaa ngozi za ng'ombe kutoa maji ya samawati. Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Ijumaa, 7 Machi
Mkutano wa mgawo. Balaa! Kumbe ukurasa wa tatu ulisema wazi: kila mmoja atagawiwa kwa kadiri alivyopimwa. Shemeji, mapipa thelathini. Mimi, moja! Nikasimama kupinga: haki iko wapi? Mpimaji akasema mpenda mto angefurahi. Ukumbi mzima ukacheka. Mke wangu pia, nilimwona. Lakini naogopa. Karakana hii aliianzisha baba, na kazi nyingine siijui.

Jumamosi, 8 Machi
Kanuni inamruhusu mwenye ziada kumgawia mwenzake. Nimekwenda kwa shemeji, mikono mfukoni. Akanikaribisha chai. Kikombe hakishikwi na mikono iliyo mfukoni. Akatazama vidole vyangu, samawati hadi kwenye kucha, akasema asante kwa mapipa. Atanigawia kumi na moja, ila kila Jumamosi nikakwangue tope na manyoya kwenye birika lake la kulowekea ngozi. Nimekubali. Ningefanyaje?

Jumamosi, 15 Machi
Nanuka. Mke wangu kanihamishia godoro barazani. Barua nyingine imekuja kutoka Ofisi ya Bonde. Anasema juu ya bahasha wameandika kwa wino mwekundu: mgawo wa mwakani una utaratibu mpya, soma hadi mwisho. Nimeikunja na kuitia chini ya mguu wa meza. Haiyumbi tena. Nisome nini, na funzo nimeshalipata? Anayechafua zaidi ndiye anayepewa zaidi. Leo nimeanza kubeba tope la shemeji na kulihifadhi kwangu hadi siku za kupima. Mapipa matatu tayari!