Sufuria za Mama Klara na Kifungu cha Saba

Kuanzia Jumanne hiyo, saa nne na nusu asubuhi, hakuna mkazi wa Mji Mdogo wa Bulyambiti aliyeruhusiwa kuumizwa na mkopo bila utaratibu kufuatwa. Tangazo hilo lilisomwa kwenye kipaza sauti na Pantaleo Mabula, Mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Mikopo Yenye Maumivu. Alipomaliza alisubiri makofi. Yakaja machache, mengi yakitoka meza kuu.

Pantaleo hakujali. Sheria ndogo ile aliibeba miezi kumi na minne kama mimba. Vikao tisa vilitumika kufafanua neno "maumivu" peke yake. Kamati ilisafiri hadi Shinyanga kujifunza maumivu ya huko, ikalala Ngokolo siku nne, ikarudi na ripoti kwamba yanafanana. Watu wa karashani, kule kunakosagwa mawe ya dhahabu, mikopo hiyo waliiita kausha damu. Kamati ililikataa jina hilo kwa kuwa halikuwa na staha kwa wakopeshaji, ambao nao walikuwa wadau.

Mdau mkubwa kuliko wote alikuwa Fikirini, mwenye ofisi ya Tabasamu Mikopo. Halmashauri haikuwa na fungu la uzinduzi, kwa hiyo Fikirini akajitolea kila kitu: maturubai, viti, kipaza sauti, soda, na pilau na nyama ya watu themanini. Pantaleo aliona ni busara tupu. Nani anayeyajua maumivu kuliko anayeyatoa?

"Sasa maswali," akasema. "Maswali, si matatizo."

Akasimama Lusia, mama lishe wa karashani, ambaye wengi walimwita Mama Klara.

"Shikamooni viongozi. Nilikopa laki mbili Tabasamu, Klara alipolazwa. Marejesho elfu kumi kila siku, siku thelathini. Nimelipa siku ishirini na mbili. Mvua ikajaza maji maduara, yale mashimo ya dhahabu, wachimbaji hawakushuka, chakula nimpikie nani? Nikakosa siku nne tu, vijana wa Fikirini wakaja wakabeba sufuria zangu mbili kubwa. Sasa hilo deni nipikie nini nililipe, kofia?"

Watu wakacheka. Mgeni rasmi, aliyeketi jirani yake meza kuu, aliandika kitu kwenye karatasi yake. Pantaleo akachungulia, akaona amechora kuku.

"Mama, una bahati," akasema Pantaleo. "Kifungu cha saba kinakulinda." Akakisoma kwa sauti nene, maana alikitunga mwenyewe: "Chombo chochote cha kazi kilichochukuliwa kwa ajili ya deni kitarudishwa kwa mwenyewe mara moja, popote kitakapokutwa, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake."

"Hivyo vilivyomo ni vya nini?" mgeni rasmi akamnong'oneza.

"Tulifikiria cherehani, mheshimiwa. Zina droo, watu huacha nyuzi."

"Basi nirudishiwe," akasema Lusia.

"Zikikutwa, mama. Lazima kwanza zikutwe. Jaza fomu, kamati itaunda timu ya kuzitafuta. Siku tisini za kazi."

Fikirini aliweka mkono kifuani kwa masikitiko. "Hata mimi sijui ziliko," akasema. "Vijana wangu wana moyo sana wa kazi."

Lusia akakaa, macho yamemlowa. Pantaleo akaandika kwenye daftari: *mdau ameridhika hadi kutoa machozi.*

Upepo ukageuka, ukaleta harufu ya pilau. Lusia akainua kichwa, akatazama nyuma ya turubai ambako wapishi wa Fikirini walikuwa wanachochea moto. Akainuka bila kuomba ruhusa, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mafiga.

"Luka!" akamwita mchimbaji mmoja, mteja wake. "Njoo unisomee hapa ubavuni."

Luka akachutama. "Rangi nyekundu. *Mama Klara, Karashani.* Na hii ya nyama, hivyo hivyo."

Kila mtu akamgeukia Pantaleo. Mtangazaji wa redio akanyoosha kinasa sauti chake.

"Zimekutwa, Mwenyekiti?" Lusia akauliza.

"Kitaalamu..."

"Zimekutwa, hazijakutwa?"

"Zimekutwa," akasema Pantaleo, jasho likimtiririka.

"Na vilivyomo?"

Mgeni rasmi alimtikisia kichwa, polepole, mara mbili. Lakini saa moja tu kabla, mgeni huyo huyo alikuwa ametangaza redioni kwamba sheria hii haitamwogopa mtu.

"Na vilivyomo," akasema Pantaleo, kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti cha Fikirini kiliikuza hadi barabarani.

Wachimbaji wanane wakashika sufuria kwa matambara, wakaondoka nazo zikifuka moshi. Fikirini akapiga kelele kwamba mchele ni wake. Watu wakamshauri ajaze fomu.

Hadi saa nane meza kuu ilikuwa haijala. Mgeni rasmi akamkabidhi Pantaleo sahani tano tupu, akamwambia atumie uongozi wake. Karashani, Lusia alikuwa anauza elfu tatu sahani moja. Elfu themanini za mwanzo alishampelekea Fikirini, kumaliza deni, na risiti ilikuwa kwenye pindo la khanga. Pantaleo akapanga foleni nyuma ya watu wenye vumbi jeupe hadi kwenye kope. Zamu yake ikafika.

"Mama Klara, posho zetu bado hazijaingia. Niandikie sahani tano, kesho nalipa."

"Nikopeshe bila leseni, baba? Si umekataza wewe asubuhi hii, kwenye sheria yako?"

"Basi shika koti langu." Akalivua.

"Kushika nguo ya mtu kwa deni ndiyo faini kubwa zaidi, nimesikia redioni. Sogea kidogo, baba, wenye hela wapite."

Pantaleo akasogea. Alisimama pale, koti begani, sahani tano mkononi, akimtazama Luka akilamba mafuta ya nyama vidoleni. Kwa mara ya kwanza tangu kamati yake iundwe, sheria ilikuwa inafuatwa neno kwa neno.