Zamu ya Jumamosi na Harusi ya Hadassa

Jumatatu, 3 Juni 2013
Jumamosi mdogo wangu Hadassa anaolewa hapa ughaibuni, Ixelles. Baba yuko Lubumbashi, hivyo mimi ndiye nitakayemwingiza ukumbini kwa dansi. Na Jumamosi hiyohiyo nimepangiwa zamu hospitalini! Profesa, mkuu wa wodi yetu, kakataa kuibadilisha. Anasema madaktari vijana wa siku hizi ni laini.

Hospitali nayo imeanzisha kikundi cha mazungumzo kwa madaktari waliochoka. Upuuzi mtupu! Watu wazima kukaa duara na kulia. Kisha nikasikia kwamba anayelia vizuri hupewa mapumziko. Nitalia.

Jumatano, 5 Juni
Nimelia. Kazi ya fundi! Nilisema silali, sili, nasahau majina ya wagonjwa. Mwanasaikolojia aliamini kila neno, maskini. Ni rahisi, kwa kuwa yote ni kweli, mimi naongeza machozi tu. Jumamosi nimepewa! Zamu yangu anaichukua mwenzangu Anaïs, yule ambaye mikono humtetemeka akishika kahawa. Hakubisha. Hana msimamo.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa. Maman Mwadi anayesafisha wodi yetu anasali kanisa moja na shangazi Alphonsine. Sasa kanisa zima linajua daktari anaumwa. Wamama wa maombi wamenivamia nyumbani, Etterbeek, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, na mafuta ya upako. Shangazi kasema kazi ya Wazungu inataka kuua mutoto wake, donc basi wao ndio watanibeba. Akaniwekea mkono kichwani. Nikasinzia palepale. Maombi yao yanachosha.

Jumapili, 9 Juni
Aibu! Jana shangazi alinizuia mlangoni mwa ukumbi nikiwa na suti yangu mpya. Eti mgonjwa hachezi. Nikakalishwa kati ya wazee, blanketi magotini, uji mbele yangu. Hadassa aliingizwa na binamu Donat, anayecheza kama anaua mende. Iliniuma sana. Nikamnong'oneza Hadassa kwamba naigiza. Akanifuta jasho, akasema hata kwenye simu huwa nasinzia katikati ya maneno. Uzushi. Nikainamisha kichwa mezani kidogo tu. Nilipoamka, watu walikuwa wanakunja viti.

Jumatatu, 10 Juni
Anaïs ameanguka koridoni asubuhi. Amepewa mwezi mzima. Mwezi! Kaniiga waziwazi, na mimi mwenye wazo nilipata siku moja. Profesa ameuliza nani atachukua zamu zake. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Nimezichukua zote. Kuanguka vizuri nako kunataka mazoezi.