Simba Mkali Ndani ya Waifai Yetu

Jumatatu, 16 Machi

Waifai ya nyumbani inatambaa kama konokono mwenye mafua. Kila video inazunguka, inazunguka, halafu inakata tamaa. Dada kalia leo. Ijumaa saa nne asubuhi ana usaili kwa simu ya video, kazi ya duka kubwa la dawa. Tangu amalize chuo hajaitwa popote isipokuwa jikoni kuosha vyombo. Anasema simu ikikatika katikati ya usaili, basi tena.

Nikamwambia atulie, mtaalamu yupo. Akauliza yuko wapi. Dharau hiyo! Nimesoma kompyuta muhula mzima, kasoro zile wiki nilizofukuzwa.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta. Nenosiri la kuingilia bado ni lile alilotuachia fundi: moja mbili tatu nne. Aibu tupu. Nikakuta orodha ya simu zilizounganishwa. Ya Baba, ya Mama, ya Dada, yangu. Na moja ngeni: SIMBA MKALI.

Mwizi! Anatunyonya mchana kutwa! Namshuku Mama Cherehani, jirani yetu mshona nguo. Ukuta wa duka lake ndio ukuta wa sebule yetu. Juzi nilimwona anacheka peke yake na simu. Mtu anayetumia bando lake mwenyewe hacheki vile.

Jumanne, 17 Machi

Nimebadilisha nenosiri la waifai. Herufi kubwa, ndogo, namba, alama ya mshangao. Nilipolisoma niliogopa mwenyewe. Nikamwandikia Mama kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia ni siri ya familia.

Mama moja kwa moja chumbani kwa Bibi, akaanza kumsomea. Bibi wa nini na nenosiri, sijui. Wazee wanapenda tu kujua mambo. Bibi hasikii vizuri, Mama akapandisha sauti. Bibi akasema bado. Mama akapandisha tena. Mwishowe muuza matunda wa ng'ambo ya barabara akauliza ile M ni kubwa au ndogo.

Jioni nikachungulia orodha. Simba Mkali karudi! Tena wa kwanza, kabla hata ya Dada. Nikapita kwa Mama Cherehani, nikamkazia macho ya kipelelezi. Akaniuliza kama tumbo linaniuma. Anajifanya mwema!

Alhamisi, 19 Machi

Wazo limenijia nikiwa naoga, povu kichwani. Nenosiri limeshindwa, sasa tumtishe. Nimebadilisha jina la waifai. Zamani ilikuwa Familia Yenye Furaha. Sasa ni KITENGO CHA UPELELEZI GARI NAMBA MBILI. Simba akiliona hilo atakimbia na mkia wake. Nyumbani sijamwambia mtu, maana hapa hakuna anayejua kunyamaza. Nitamwambia Dada tu, kesho.

Baba karudi kazini, kakaa, kashika simu. Akaliona jina lile jipya. Akainuka akafunga mapazia. Akamuuliza Mama kama kuna mtu amekuja kuulizia kile kiti. Kiti chenyewe ni cha ofisini kwao, cha kuzunguka. Alikileta "kwa muda" nikiwa darasa la tano. Akachungulia nje, akanong'ona: kama hapa lipo gari namba mbili, namba moja limeegeshwa wapi?

Nilitaka kueleza. Halafu nikauona uso wake. Nikaenda kulala.

Ijumaa, 20 Machi

Bado niko hai. Alhamdulillahi.

Asubuhi Baba kaondoka na kiti begani, kimefunikwa shuka kama mgonjwa. Saa tatu na nusu Dada, blauzi imenyooka kwa pasi, akafungua simu. Hakuna waifai. Si kwamba ni polepole. Hakuna! Tukakimbilia kwenye rafu. Waya peke yake unaning'inia, ruta haipo! Mama akakumbuka: Baba alikuwa anasema wapelelezi wanatusikiliza kupitia ile taa ya kijani. Kaificha. Wapi? Simu yake kaizima.

Tukapekua kabati, chini ya vitanda, pipa la unga. Ikabidi niseme ukweli kuhusu Kitengo. Dada hakunipiga. Alikaa tu sakafuni na blauzi yake, machozi yanamtoka bila sauti. Heri angenipiga.

Ndipo Mama Cherehani akachungulia dirishani. Kelele zilimfikia. Akasema, "Mwanangu, unalia siku ya usaili? Hebu inuka, njoo kwangu." Kumbe ana waifai yake, kali kuliko yetu mara kumi! Akamfuta Dada uso kwa kipande cha bitana, akamkalisha mbele ya kitambaa kizuri, akazima cherehani, akasimama mlangoni kuwafukuza wateja kwa rula ya kupimia. Usaili wote haukukatika hata kidogo. Dada alipotoka anacheka, nikajibwaga chini, kumbe juu ya vifungo.

Bibi naye akaja anachechemea, simu mkononi, analalamika wanamieleka wake wamepotea tangu jana. Anawaangalia kutwa nzima, kumbe! Mama Cherehani akamuunganisha, akatazama orodha ya waliounganishwa kwenye simu yake mwenyewe, akaangua kicheko. "Bibi wewe! Simba Mkali ndiye wewe?"

Simu ile ya Bibi ilikuwa yangu. Nilimpa Bibi mwaka jana. Jina niliandika mwenyewe, enzi za ujana wangu. Wote wakanigeukia. Nikasema nilikuwa nawapima.

Baba karudi jioni, kiti begani. Ofisini walishanunua vipya, wamemwambia akae nacho. Ruta ilikuwa ndani ya sufuria kubwa, kifuniko juu.

Jumapili, 22 Machi

Dada kapita! Kesho saa tatu asubuhi ni usaili wa mwisho, kwa video tena. Atafanyia kwa Mama Cherehani. Yetu haiamini. Nyumba nzima imepumua. Baba anazunguka kwenye kiti chake kwa amani, Bibi anashangilia mieleka, mimi nimesamehewa. Kusema kweli, bila mimi Dada asingeijua waifai ya jirani. Nimewaeleza. Hawajanishukuru.

Mama Cherehani leo kanishikisha duka akienda kanisani. Nikachungulia ruta yake. Moja mbili tatu nne! Mama wa watu yuko hatarini na hajui. Nimemfanyia wema kimyakimya. Jina jipya: IDARA YA KODI. Nenosiri jipya, refu kama treni. Safari hii sijaandika popote, karatasi zinaponza. Lipo kichwani mwangu tu, salama.

Linaanza na K kubwa. Au G. Kesho nitakumbuka.